Kalamu ya risasi na mwanga: jinsi wapiga picha walivyoandika hesabu zao

Katika parokia moja huku kwetu mashariki ya Kongo kuna sanduku la bati lenye picha za zamani. Sanduku hilo lilikaa miaka mingi juu ya kabati, chini ya vitabu vya ubatizo. Mwaka huu wakristu walitaka kufanya sikukuu ya kanisa lao, basi wakalifungua ili wajue kanisa lilianza kujengwa siku gani. Walikuta picha zaidi ya mia. Watoto wa shule wamesimama mistari. Padri mwenye ndevu amepanda pikipiki. Wanawake wanabeba matofali. Watu wamezunguka msalaba wa mti uliosimikwa mahali patakapokuwa altare. Ni picha safi kabisa. Lakini nyuma yake, weupe mtupu! Hakuna jina, hakuna mwezi, hakuna mwaka.

Katekista mzee alishika ile picha ya msalaba. Alisema: « Huyu wa tatu ni baba yangu. » Mwingine akajibu: « Hapana, ni mjomba wangu. Baba yako alikuwa bado hajafika huku, alikuja baada ya mavuno. » Wakabishana mpaka giza likaingia, na hasira ikawa karibu. Nitaieleza picha hiyo tena mbele, maana nyuma yake peke yake palikuwa na maandishi kidogo ya kalamu ya risasi, yaliyofifia: « 16 – 1/100 – jua – saa 6 ».

Vijana waliuliza: « Hesabu hii ni ya nini? Ni bei? » Wasomaji wapenzi, si bei. Ndiyo hesabu ya mwanga, na historia yake ni ndefu kuliko watu wengi wanavyodhani.

Kwanza tueleze neno lenyewe. Leo mtu anatoa simu, anabonyeza, picha iko tayari. Zamani haikuwa hivyo. Ndani ya kamera mlikuwa na kioo kilichopakwa dawa, na baadaye filamu, nayo hiyo dawa inageuka ikipigwa na mwanga. Mwanga ukizidi, picha inaungua na kuwa nyeupe. Ukipungua, inabaki nyeusi kama usiku. Mpiga picha alipaswa kuchagua mambo mawili. La kwanza ni tundu la lenzi, yaani mlango ambamo mwanga unapita. La pili ni muda ambao mlango huo unakaa wazi. Tundu lina namba zake: 4, 5,6, 8, 11, 16, 22, 32. Namba ikiwa kubwa, tundu ni dogo, na kila hatua inakata mwanga nusu. Muda nao unaandikwa kwa vipande vya sekunde: 1/25, 1/50, 1/100. Tena kuna nguvu ya filamu yenyewe, kwa maana filamu nyingine ni nyepesi kushika mwanga na nyingine ni nzito. Wapiga picha wana kanuni ya jua: kukiwa na jua kali bila wingu, weka tundu 16, na muda uwe sawa na namba ya nguvu ya filamu. Filamu ya 100, muda 1/100. Basi yule mtu wa parokia aliyeandika nyuma ya picha alikuwa mfuasi wa kanuni hiyo.

Lakini kwa nini kuandika? Kwa sababu filamu haisemi kitu siku ile. Unapiga picha leo, unaziona baada ya juma mbili, pengine baada ya miezi mitatu kama filamu ilipelekwa mbali. Ukikuta picha ya tano ni nzuri na ya sita imeharibika, utajuaje ulichofanya? Utakuwa umesahau. Mimi mwenyewe nilipewa kamera ya zamani, nikajaza filamu mbili kwa furaha bila kuandika neno. Filamu ya kwanza ilitoka vizuri, ya pili ilitoka nyeusi tupu. Mpaka leo sijui kosa lilikuwa tundu, au muda, au mkono wangu. Pesa imekwenda, na hata elimu sikupata.

Tabia ya kuandika ni ya zamani sawa na picha zenyewe. Mwingereza William Henry Fox Talbot alitengeneza katika mwezi wa Agosti 1835 picha ndogo ya dirisha la nyumba yake ya Lacock Abbey. Ndiyo negatifu ya zamani kuliko zote zinazojulikana zilizobaki. Karatasi yenyewe ni ndogo sana, inaenea katika kiganja. Kando yake Talbot aliandika kwa mkono wake mwezi na mwaka, na kwamba ilipokuwa mpya mtu aliweza kuhesabu vioo vya dirisha, karibu 200, kwa kutumia lenzi. Picha imefifia tangu siku nyingi, maandishi yanasomeka vizuri. Kwa maandishi hayo tunajua leo jinsi picha ilivyokuwa wazi siku ilipozaliwa.

Zamani hizo muda ulikadiriwa kwa macho tu. Fundi alitazama mawingu, akafungua lenzi, akahesabu moyoni, akafunga. Wataalamu wawili wa kemia waliokaa Widnes, Uingereza, hawakuridhika na kukisia. Ni Ferdinand Hurter, mzaliwa wa Uswisi, na rafiki yake Vero Charles Driffield. Mwaka 1888 walipata hati ya kifaa chao cha kukokotoa muda, na mwaka 1890 walitangaza utafiti wao juu ya namna dawa ya picha inavyopokea mwanga. Walionyesha kwamba kati ya mwanga na weusi wa negatifu kuna sheria, nayo inaweza kupimwa na kuchorwa kwa mstari. Tangu hapo kuandika hesabu kulikuwa na maana kubwa zaidi, kwa kuwa hesabu ya leo iliweza kumsaidia mtu kesho.

Ndipo kikatokea kitabu kidogo ambacho ningependa sana kukishika mkononi. Watu wa zamani wa Kongo wanajua habari za Stanley kupita msitu wa Ituri katika miaka ya 1887 mpaka 1889. Masanduku ya dawa aliyobeba katika safari hiyo yalitoka kwa kampuni ya Burroughs Wellcome ya London. Kampuni hiyohiyo iliuza pia dawa za kusafisha picha, zilizogandamizwa kama vidonge. Tena tangu mwanzo wa karne ya 20 ilitoa kila mwaka kitabu cha mfukoni kwa wapiga picha, pamoja na kalamu yake ya risasi. Ndani mlikuwa na orodha za mwanga kwa kila mwezi, na mwishoni kibao cha duara cha kuzungusha kilichotoa muda unaofaa. Zilikuwako chapa mbalimbali, ya nchi za kaskazini na ya nchi za kusini, kwa sababu jua la Julai huko London si jua la Julai huko Elisabethville. Na kurasa nyingi zilikuwa mistari mitupu ya kujazwa: siku, saa, kitu kilichopigwa, hali ya mwanga, tundu, muda, aina ya kioo, na mahali pa kuandika matokeo. Mtu mwenye bidii akijaza kitabu hicho mwaka mzima alikuwa na mwalimu wake mfukoni.

Wenye bidii lakini si wengi, tunajua wenyewe. Kitabu kinasahauliwa nyumbani, kinalowa na mvua, kinapotea. Ndiyo maana Mmarekani mmoja alifikiri: kwa nini tusiandike juu ya filamu yenyewe? Jina lake Henry Gaisman, mtu aliyejulikana zaidi kwa nyembe za kunyolea. Mwaka 1914 kampuni ya Kodak ilinunua wazo lake kwa dola 300 000, ambazo kwa wakati ule zilikuwa mali ya kustaajabisha. Kodak iliita kamera hizo Autographic, ndiyo kusema « zinazoandika zenyewe ». Jina linadanganya kidogo, kwa kuwa mwandishi ni mtu.

Tazama jinsi zilivyofanya kazi. Mgongoni mwa kamera kulikuwa na kilango chembamba. Filamu ilifungwa pamoja na karatasi yake ya kuikinga na mwanga, na katikati kulikuwa na karatasi nyingine laini, nyeusi, kama ile kaboni ya kunakilia barua. Ukimaliza kupiga picha, ulifungua kilango, ukachukua kijiti cha chuma kilichochomekwa kwenye kamera, ukaandika juu ya karatasi: tarehe, jina, tundu, muda, ulichotaka. Mahali kijiti kilipokandamiza, weusi uliondoka. Kisha uliacha kilango wazi kuelekea mbinguni kwa sekunde chache. Mwanga ukapenya katika herufi tu na kuzichora kwenye filamu, katika nafasi iliyo kati ya picha moja na nyingine. Filamu iliposafishwa, maandishi yalitokea chini ya picha, katika mwandiko wa mwenyewe, wala hayafutiki. Askari wengi wa Vita Kuu ya kwanza walibeba ile ndogo ya mfukoni. Lakini watu walitumia kilango hicho mara chache, wengine walikifungua siku ya kwanza kwa kujaribu, halafu basi. Mwaka 1932 Kodak iliacha kuuza filamu zake.

Sasa nirudi nyuma kidogo, mpaka Torino katika Italia, mwaka 1898, kwa habari ambayo wakatoliki wengi wanajua nusu yake.

Katika mji ule kunatunzwa kitambaa kirefu cha kitani kiitwacho Sanda Takatifu. Mwezi wa Mei 1898 kilionyeshwa kwa watu katika kanisa kuu, na Mfalme Umberto wa kwanza akatoa ruhusa kipigwe picha mara ya kwanza. Kazi hiyo alipewa Secondo Pia, mwanasheria kutoka Asti. Hakuwa mpiga picha wa kulipwa. Alipenda kazi hiyo tu, na kwa miaka mingi alikuwa amepiga makanisa na majengo ya zamani ya nchi yake. Tarehe 25 Mei alijaribu, akashindwa. Mwanga wa mchana haukutosha ndani ya kanisa, basi alileta taa za umeme, na mbele ya taa aliweka vioo vya kupunguza ukali. Joto la taa likavipasua. Muda aliopewa ulikuwa mfupi, akaondoka mikono mitupu.

Tarehe 28 Mei alirudi usiku, wakati watu wameondoka. Mambo yalikuwa magumu zaidi, kwa sababu sasa kitambaa kilikuwa kimefunikwa na kioo cha kukilinda, na kioo kinarudisha mng'ao. Kamera yake ilikuwa kubwa kama sanduku la nguo, maana vioo vyake vya picha vilikuwa na sentimeta 50 kwa 60. Alipiga viwili. Cha kwanza alikiacha kipokee mwanga dakika 14, cha pili dakika 20. Ndugu msomaji, usipite haraka juu ya namba hizo. Dakika 14! Simama mbele ya altare bila kutikisika, taa zinawaka, kila mtu ananyamaza, hata sakafu isitetemeke. Halafu fanya hivyo tena kwa dakika 20, kwa sababu hujui kama ya kwanza imefaa.

Kwa nini alibadili muda? Hapa anaonekana fundi wa kweli. Hakuna mtu aliyewahi kupiga kitambaa hicho, hivyo hakuna hesabu ya zamani ya kufuata. Basi alitoa kura mbili zinazotofautiana, akijua kwamba moja ikiwa pungufu, nyingine italipa. Wapiga picha wa leo wanafanya vilevile mahali penye mashaka. Lakini tofauti hiyo ina faida ikiwa tu umeandika ipi ni ipi. Katika chumba cha giza, alipoinua kioo kutoka katika dawa, aliona uso wa mtu, si kama negatifu inavyokuwa, weusi badala ya weupe, bali kama picha iliyonyoka. Alisema baadaye kwamba karibu kioo kimponyoke.

Habari ikaenea dunia nzima, na pamoja nayo mashaka. Wengine walisema Pia alichezea kioo kwa mkono. Wengine walisema alizidisha mwanga, au kwamba taa zilikuwa nyuma ya kitambaa. Mtu mwenye heshima, aliyepata kuwa meya wa mji wake, aliitwa mdanganyifu kwa miaka mingi. Kwa mashtaka hayo alikuwa na jibu la namna gani? Vile vioo viwili, na hesabu zake: kamera gani, taa gani, dakika ngapi. Mtu akitaka kujua ukweli, afanye vilevile aone. Ndivyo ilivyokuwa. Mwezi wa Mei 1931 sanda ilionyeshwa tena, na mpiga picha Giuseppe Enrie alipiga upya kwa vyombo bora zaidi. Pia, mzee wa miaka 75, alikuwapo. Picha za Enrie zilitoa uso uleule. Miaka 33 alingoja, na jina lake likasafishwa miaka kumi kabla ya kufa kwake mwaka 1941. Kamera yake inaonyeshwa katika makumbusho ya Sanda huko Torino.

Umri wa kitambaa ni neno jingine. Mwaka 1988 maabara tatu zilikipima kwa kaboni zikasema ni cha kati ya miaka 1260 na 1390, na wapo wanaoendelea kubishana. Mimi nazungumza juu ya vioo vya Pia tu, na hivyo havikudanganya.

Na huku Kongo? Wageni wengi walipita na kamera, na wengi hawakuandika chochote isipokuwa « wenyeji sokoni ». Wawili walikuwa tofauti. Herbert Lang na kijana wake James Chapin, waliotumwa na makumbusho ya viumbe ya New York, walizunguka Uele na Ituri tangu mwaka 1909 mpaka 1915. Lang alipiga karibu picha 10 000, akazisafisha porini, katika joto na unyevu unaoozesha hata viatu. Alizipa namba na kuandika habari zake, kwa hiyo wajukuu wa watu wale wanaweza kuzitafuta leo. Chapin naye anakumbukwa kwa kisa kinachogusa jambo letu, ijapokuwa si cha picha. Mwaka 1913, huko Avakubi, aliona katika kofia ya mtu unyoya wa ndege asiyemjua. Akautunza. Mwaka 1936, katika makumbusho ya Tervuren, Ubelgiji, alikuta juu ya kabati ndege wawili waliokaushwa wenye unyoya uleule, nao walikuwa wamebandikwa jina la tausi wa kufugwa kutoka Asia. Ni tausi wa Kongo, ndege wa msitu wetu, aliyekuwa amekaa pale miaka na miaka chini ya jina la mgeni. Maandishi ya uongo yalimficha kuliko kama asingeandikwa kitu.

Mwaka 1932 kilitokea kipima mwanga cha kampuni ya Weston ya Marekani, kinachotumia seli ya seleni na sindano. Unakielekeza, sindano inasimama kwenye namba, kukisia kumekwisha. Wengi walidhani kuandika nako kumekwisha. Lakini bwana mmoja aliyejulikana duniani kote kwa kipima hicho alikosa kukiona siku alipokihitaji kuliko siku zote.

Ni Ansel Adams. Katika majira ya mwisho ya mwaka 1941 alikuwa akisafiri kwa gari huko New Mexico, pamoja na mwanawe mdogo Michael na rafiki yake. Siku ilikuwa imekwenda vibaya, hajapata picha nzuri. Jioni, karibu na kijiji cha Hernandez, akatazama kushoto kwake: kanisa dogo la kijiji, nyuma yake makaburi, na misalaba meupe ikiangazwa na jua linalotua, juu, mbingu nyeusi na mwezi umepanda. Alikanyaga breki karibu aangushe gari mtaroni. Akapiga kelele kwa wenzake wamletee mguu wa kamera, lenzi, kipima mwanga. Kipima hakionekani! Na jua lilikuwa limebakiza dakika moja au mbili.

Adams aliokolewa na jambo alilojifunza zamani. Alikumbuka kwamba uso wa mwezi unang'aa kiasi cha kandela 250 kwa kila futi ya mraba. Tufuate hesabu yake, maana si ngumu. Alitaka mwezi uwe mweupe lakini usiungue, yaani hatua mbili juu ya rangi ya katikati. Gawa 250 kwa mbili, kisha kwa mbili tena: unapata kama 60. Kwa filamu yake, ya nguvu 64, kitu chenye mwanga wa 60 kinahitaji 1/60 ya sekunde kwa tundu 8. Lakini alikuwa ameweka kioo cha rangi ya manjano kinachokula mwanga mara tatu, basi muda ukawa 1/20. Tena alitaka tundu 32, ili vitu vya karibu na vya mbali viwe wazi vyote. Kutoka 8 mpaka 32 ni hatua nne, kila moja nusu, jumla mara 16. Mara 16 ya 1/20 ni karibu sekunde moja. Sekunde moja, tundu 32! Alifungua, akafunga. Akageuza ili apige ya pili kwa usalama, na kabla hajamaliza, jua liliondoka juu ya misalaba. Negatifu ikabaki moja.

Picha hiyo ni kati ya zinazojulikana zaidi katika karne ya 20. Mwaka 2006 nakala moja iliuzwa kwa mnada kwa zaidi ya dola 600 000. Hesabu ya mwanga tunayo, aliieleza mwenyewe. Lakini bwana huyu, aliyewafundisha wengine kujaza karatasi ya hesabu kwa kila negatifu, hakuandika tarehe! Katika vitabu vyake alitaja mara 1940, mara 1941, mara 1942, mara 1944. Rafiki zake walichoka. Mtaalamu wa nyota David Elmore alipima mahali pa mwezi katika picha, akatafuta kwa kompyuta siku ambayo mwezi ungekuwa hapo, akasema: tarehe 31 Oktoba 1941, saa 10 na dakika 3 alasiri. Adams akafurahi, akafa mwaka 1984 akiamini hivyo. Baadaye mtaalamu mwingine, Dennis di Cicco, hakutulia. Alikwenda Hernandez mwenyewe, akagundua kwamba kamera ilisimama kando ya barabara ya zamani, si barabara mpya. Mwaka 1991 alitangaza hesabu yake: tarehe 1 Novemba 1941, saa 10, dakika 49 na sekunde 20. Miaka hamsini na akili za wataalamu wawili zilihitajika kurudisha kitu ambacho kalamu ya risasi ingekiandika kwa kufumba na kufumbua.

Leo mashini zinaandika. Mwaka 1995 chama cha viwanda vya elektroniki cha Japani kilitoa kanuni moja ya namna kamera za dijitali zinavyoficha ndani ya kila picha tarehe, tundu na muda. Simu yako inafanya hivyo bila kukuuliza. Hata hivyo picha inapopita simu hata simu, mara nyingi maandishi hayo yanaanguka njiani, tena simu haijui jina la bibi aliyeketi katikati. Na vijana wa leo waliorudia kamera za filamu za babu zao wamejikuta mahali pa Talbot: hakuna anayewaandikia. Wanachofanya wale hodari ni rahisi. Picha ya kwanza ya kila filamu wanapiga karatasi yenye namba ya filamu. Halafu katika daftari dogo, kila picha mstari mmoja. Waangalie lakini: kihesabio cha kamera za zamani mara nyingi kinapishana kwa picha moja na namba zilizochapwa pembeni ya filamu. Nani asiyejua hilo ataharibu daftari zima.

Nirudi sasa kwenye sanduku la bati. Ile picha ya msalaba ilikuwa na maneno « saa 6 ». Mwalimu mmoja wa shule aliitazama kwa muda, kisha akaipeleka nje, akasimama mahali palepale penye altare. Parokia hii iko digrii mbili hivi kusini ya ikweta. Hapa, saa sita mchana, jua haliko upande mmoja mwaka mzima. Mwezi wa Juni linapita upande wa kaskazini, na kivuli kinaanguka kusini. Mwezi wa Desemba linapita kusini, kivuli kinaanguka kaskazini. Katika picha kivuli cha msalaba kilielekea kilima, na kilima kiko kusini. Tena kilikuwa kirefu kiasi cha karibu nusu ya msalaba. Basi haikuwa kabla ya Noeli, kama wengine walivyodai. Ilikuwa kiangazi, karibu na Juni au Julai, baada ya mavuno.

Bila ile « saa 6 » kivuli hakikuweza kusema kitu, kwa kuwa asubuhi na jioni kinazunguka huku na huku. Mwaka wenyewe haujulikani bado, wanautafuta katika vitabu vya ubatizo. Lakini katekista alikaa chini ya mwembe na picha magotini. Hata yule mwingine hakubisha tena sana, alisogeza kiti chake karibu. Mzee alikuwa akionyesha kwa kidole, mmoja baada ya mwingine, wale aliowatambua, na msichana wa shule alikuwa amegeuza karatasi na kushika kalamu ya risasi, akimwomba aseme polepole.